Mizani ya Rafiki Watatu: Haki ya Mungu na Kujihesabia Haki katika Kisa cha Ayubu

1. Utangulizi

Ayubu ni miongoni mwa wahusika wachache ambao jina lao limekuwa kama methali katika Kiswahili. Mtu akivumilia mateso bila kunung'unika, husemwa kuwa ana subira ya Ayubu. Akinung'unika, hukumbushwa Ayubu ili anyamaze. Jina hilo limetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya pwani, yaani Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapa pamoja na tafsiri yake huko London kati ya 1921 na 1923, na ambao unafuata mapokeo ya Kiislamu. Ya pili ni ya misheni, yaani Kitabu cha Ayubu katika Biblia, ambacho wasomaji wengi wa Katanga wamekisikia kanisani kabla ya kukisoma wenyewe.

Makala haya yametokana na swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukisoma sura ya mwisho ya Kitabu cha Ayubu, ambamo ndugu zake wote, wake kwa waume, wanakuja kula chakula nyumbani mwake na kumfariji, na kila mmoja anampa fedha na pete ya dhahabu. Mwanafunzi akauliza: "Mwalimu, hawa ndugu wanakuja wakati mambo yamekwisha. Walikuwa wapi?" Baadaye tulifahamu kwamba jamaa yake ilipita Kaniama kwa treni mwaka 1993, ikielekea Kasai. Mwandishi wa makala haya ni mzaliwa wa Kaniama. Siku ile tulimjibu kwamba mwandishi wa kitabu hakulisema jambo hilo, tukaendelea na somo. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa upande wa matini, lakini lilikuwa la kukwepa.

Tunakusudia kuonyesha kwamba uhakiki wetu wa kisa hiki umetilia mkazo subira hata ukasahau kesi. Ayubu wa Biblia ni mdai aliyekosa mahakama. Aidha, kosa la kujihesabia haki, ambalo kwa kawaida hubandikwa yeye, kitabu chenyewe kinalibandika kwanza wale wanaomtazama akiteseka.

2. Haki na hesabu yake

Tuanze na maneno yenyewe. Haki ni neno lenye asili ya Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupatia pia hakika na hakiki, na kwa hiyo uhakiki. Halina undugu wa shina na hukumu na hakimu, ingawa masikio yetu huyaweka pamoja. Katika matumizi ya kila siku haki hubeba maana zisizopungua tatu: kile mtu anachostahili kupewa, usawa katika maamuzi, na hali ya mtu asiye na hatia. Watafsiri wa Biblia wameongeza uzito wa maana hii ya tatu, hata msomaji anapokutana na neno haki hana budi kujiuliza kila mara: je, hii ni haki anayodai mtu, au ni haki aliyo nayo?

Kutokana na maana ya tatu tumepata misemo miwili ambayo kila Mkristo wa Kiswahili anaijua: kuhesabiwa haki na kujihesabia haki. Tofauti yake imo katika mofimu. Katika kuhesabiwa, kauli ya kutendewa inaonyesha kwamba mwenye kuhesabu ni mwingine. Anayehesabiwa ni mpokeaji tu. Katika kujihesabia, kiambishi -ji- kinamfanya mtu yule yule awe karani wa hesabu na mwenye kufaidika nayo. Lugha imeshatoa hukumu yake kabla ya mhubiri kufungua kinywa: mtu hawezi kuwa mwenye deni na mwandishi wa daftari la madeni kwa wakati mmoja.

Lakini kuna msemo wa tatu ambao hausikiki sana mimbarani, nao ni kudai haki. Anayedai haki hajihesabii kitu. Anapeleka hesabu yake mbele ya mwingine na kuomba ikaguliwe. Kwa mtazamo wetu, sehemu kubwa ya kutoelewa kisa cha Ayubu imetokana na kuichanganya misemo hii miwili. Ayubu anadai haki. Wasikilizaji wake wanasikia kwamba anajihesabia haki.

3. Rafiki watatu na mizani yao

Msuko wa kitabu unafahamika. Katika sura mbili za mwanzo msomaji anaambiwa wazi kwamba Ayubu ni mwelekevu, na kwamba maafa yake hayakutokana na kosa lake. Jambo hili ni la msingi kwa uhakiki, kwa sababu msomaji anajua kile ambacho wahusika wa duniani hawakijui. Tangu sura ya tatu hadi ya 31 tunasikiliza mabishano kati ya Ayubu na rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Tena tunayasikiliza tukiwa tayari na ushahidi mikononi.

Haifai kuwadharau rafiki hawa. Walipofika, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo tendo lao jema kuliko yote. Walianza kukosea walipofungua vinywa. Hoja yao ni mizani yenye sahani mbili. Mungu ni mwenye haki, Ayubu anateseka, basi Ayubu amekosa. Mantiki hiyo haina pengo, na ndiyo maana inatisha. Bildadi anafika mahali pa kudokeza kwamba watoto waliokufa walipata mshahara wa dhambi zao. Elifazi, ambaye mwanzoni alisema kwa upole, katika sura ya 22 anaanza kumtajia Ayubu makosa kamili: ati aliwanyang'anya maskini nguo, aliwanyima maji wenye kiu, aliwafukuza wajane mikono mitupu. Hana shahidi hata mmoja. Hakuyaona makosa hayo, bali ameyakokotoa. Nadharia ilihitaji kosa, na kosa likapatikana.

Hapa ndipo tunapoona ni nani anayejihesabia haki. Ikiwa mateso ni malipo, basi asiyeteseka amelipwa vizuri. Kila mara Elifazi anapoongeza deni katika daftari la Ayubu, anajiongezea akiba katika daftari lake mwenyewe. Anasema kwamba anamtetea Mungu, lakini anayelindwa na utetezi huo ni yeye, kwani unamhakikishia kuwa yaliyompata Ayubu hayatampata yeye. Ayubu analitambua jambo hili. Katika sura ya 13 anawashutumu kwamba wanasema uongo kwa niaba ya Mungu, na anawaonya kwamba Mungu mwenyewe hatapendezwa na utetezi wa namna hiyo.

Mtindo huu wa kufikiri si mgeni kwetu. Katika mila za Kiluba, msiba ukitokea, watu walimwendea kilumbu ili aulize ni nani au ni nini kilichouleta. Wahubiri wetu hulaani desturi hiyo, kisha wao wenyewe humwuliza mgonjwa ameficha dhambi gani. Swali limebadilishwa nguo tu. Mahali pote pawili maumivu hayaruhusiwi kukaa bila mwenye hatia.

Fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 nayo ina mahakama ya aina hii. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971, Zakaria na binti yake Rosa, ambaye amejiua, wanafikishwa mbele ya hukumu ya Mungu baada ya kufa. Zakaria alimlea Rosa kwa ukali na kipigo. Kesi yao ni ya kutafuta lawama ni ya nani, na msomaji aliyeyafuatilia maisha yao yote anajikuta ameketi kama mzee wa baraza. Tofauti na kisa cha Ayubu ni kubwa: katika riwaya hiyo wanadamu wana makosa ya kuhukumiwa, na mwandishi ameyaweka wazi. Kufanana kwake ni kwamba kila anayejitetea analazimika kumsogezea mwingine hatia. Sahani moja haipandi isipokuwa nyingine imeshuka.

4. Jibu lisilokuwa jibu

Ayubu naye hakusalimika na mizani hiyo. Katika sura ya 9 analalamika kwamba hakuna mpatanishi awezaye kuweka mkono juu yake na juu ya Mungu, wakasikilizwa wote wawili. Katika sura ya 31 anaapa kiapo kirefu cha kutokuwa na hatia, akitaja kosa moja baada ya jingine na kujilaani ikiwa alilitenda. Anakaribia kusema hivi: mimi sina hatia, nami nateseka, basi mwenye hatia ni Mungu. Mizani ni ile ile ya Elifazi. Kilichobadilika ni sahani iliyoshuka. Kijana Elihu, anayejitokeza katika sura ya 32, amekasirika hasa kwa sababu hiyo, kwamba Ayubu anajipa haki yeye kuliko Mungu. Lakini Elihu naye anasema sura sita bila kuokota mzigo wowote.

Mungu anapojibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hatoi maelezo. Anauliza kuhusu misingi ya dunia, milango ya bahari, mvua inyeshayo nyikani pasipo mtu, mbuni, farasi, kiboko. Wahakiki wengi wameona kwamba huku ni kukwepa swali, na wanafunzi wetu huona hivyo pia. Tunakubali kwamba hakuna hata sentensi moja inayomweleza Ayubu kwa nini watoto wake kumi walikufa. Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo usomaji wa haraka huyapita.

La kwanza limo katika sura ya 40. Humo Mungu anamwuliza Ayubu iwapo ni lazima amtie Mungu hatiani ili yeye Ayubu awe na haki. Kwa maoni yetu, hili ndilo swali kuu la kitabu. Halisemi kwamba Ayubu ana hatia. Linahoji mizani yenyewe: ni nani aliyesema kwamba lazima mmoja wenu awe mkosaji? Mvua inayonyesha mahali pasipo mtu si mshahara wa mtu yeyote. Ulimwengu unaoelezwa katika hotuba hizo hauendeshwi kama duka lenye daftari la madeni, na kwa hiyo maumivu hayawezi kusomwa kama risiti.

La pili limo katika sura ya 42. Mungu anawaambia rafiki watatu kwamba hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu. Basi aliyelia, aliyebisha, aliyemshitaki Mungu kwa Mungu mwenyewe, ndiye anayethibitishwa, ilhali waliomtetea Mungu kwa hoja nzuri za dini wanaagizwa wachukue ng'ombe saba na kondoo waume saba, wamwendee mtu yule yule waliyemhukumu, ili awaombee. Kama kitabu hiki kingekuwa cha kufundisha unyamavu, hukumu hii isingekuwa na maana.

Msomaji aangalie pia hesabu ya malipo. Kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, na ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Watoto lakini hawaongezwi maradufu: walikuwa kumi, wanazaliwa kumi. Baadhi ya wafafanuzi husema kwamba wale wa kwanza bado wanahesabiwa. Iwe hivyo au isiwe hivyo, hapo ndipo msimulizi anapokiri kwamba kuna kitu kisichoingia katika hesabu.

5. Ayubu wa utenzi na mkewe

Je, tuuache utenzi kwa kuwa unasifu subira? La hasha. Kwanza, subira katika mapokeo ya Kiislamu si kimya. Kurani yenyewe inamsimulia Ayubu akimlilia Mola wake kwamba madhara yamempata, na bado inamsifu kuwa mwenye subira. Wanaomtumia Ayubu kuwanyamazisha wenye msiba hawana msaada katika mapokeo yoyote kati ya haya mawili.

Pili, mapokeo hayo yana mhusika ambaye Biblia imempa nafasi ndogo mno. Mke wa Ayubu katika Biblia hana jina, naye anasema mara moja tu. Katika mapokeo ya Kiislamu anaitwa Rehema. Watu wanapomkimbia Ayubu kwa ajili ya ugonjwa wake, yeye anabaki. Anafanya kazi katika nyumba za watu ili apate chakula, na katika masimulizi mengine anauza hata nywele zake. Hamwulizi mumewe alikosa nini. Tena kisa hakimfichi Ayubu: katika uchungu wake anaapa kwamba atampiga huyo huyo mke mapigo mia moja. Anayeonewa naye anaweza kuonea. Ndipo Mungu anapompa njia ya kutimiza kiapo kwa kishikizi cha majani, ili asimwumize asiye na kosa.

Kwa hiyo matini hizi mbili zinakamilishana. Kitabu kinampa mwenye mateso ruhusa ya kusema. Utenzi unatuonyesha mtu anayekaa karibu bila kudai maelezo. Rafiki watatu walikuwa na maelezo bila ukaribu.

6. Reli ya Kaniama

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi. Reli iliyounganisha Bukama na Ilebo, ambayo wakati huo iliitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928, na Kaniama ni kituo katika njia hiyo, kati ya Kamina na Mwene-Ditu. Kwa njia hiyo watu wengi wa Kasai walikuja Katanga kufanya kazi katika reli na migodi, na wajukuu wao wakazaliwa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi bila kuijua Kasai. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Vurugu zikaanza Likasi, na mnamo Machi 1993 zikaikumba Kolwezi. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama cha UFERI walikuwa mbele katika kuwataka Wakasai warudi kwao. Mamia ya maelfu ya watu waliondolewa. Wengi walilala vituoni na mashuleni kwa majuma na miezi wakisubiri treni. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa maradhi wakiwa wanangoja au wakiwa safarini.

Kwa upande wa lugha, neno lililotumika kwao ni bilulu, yaani wadudu. Neno hilo ni sura ya 22 kwa ufupi. Elifazi alihitaji orodha ya makosa ili amwondoe Ayubu katika kundi la wenye haki. Hapa nomino moja ilitosha kuwahamisha watu kutoka bantu hadi bilulu.

Tulipowauliza wazee wetu juu ya treni hizo, jibu la kwanza lilikuwa hesabu. Walitudharau. Walichukua kazi zote. Mambo hayo yalifanywa na wanasiasa. Sisi pia tuliteswa mwaka 1960 na 1961, wakati vijiji vya Balubakat vilipochomwa, na hakuna aliyetulilia. Hatusemi kwamba kila jambo katika orodha hiyo ni uongo. Mateso ya 1960 na 1961 ni kweli tupu, na wivu wa kazi ulikuwa na historia yake katika sera za wakoloni na makampuni. Tunasema kwamba orodha hiyo inajibu swali ambalo halikuulizwa. Mwanafunzi hakuuliza ni nani mwenye haki. Aliuliza ndugu walikuwa wapi. Nasi tulipomjibu darasani kwamba matini haisemi, tulikuwa tunajihesabia haki kwa kutumia uhakiki.

Mzee mmoja tu, mama wa makamo wakati ule, alitusimulia tofauti. Alipeleka maji kwenye behewa. Alimwuliza mwanamke aliyekuwa mlangoni: "Muko na batoto ngapi?" Akajibiwa, akarudi nyumbani kuchota maji zaidi. Tulipomwuliza kama watu wale walikuwa wamekosa, alitutazama kana kwamba hatukusikia masimulizi yake.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kudai haki si kujihesabia haki, na sarufi ya Kiswahili inatupa njia ya kuitambua tofauti hiyo. Pili, Kitabu cha Ayubu hakiithibitishi haki ya Mungu kwa kumtia hatiani anayeteseka, wala hakiithibitishi haki ya anayeteseka kwa kumtia Mungu hatiani; kinaivunja mizani ya rafiki watatu. Tatu, utenzi unatukumbusha kwamba mbele ya msiba kuna kazi ya kufanya kabla ya maelezo, nayo ni kazi ya Rehema.

Kuhusu ndugu za Ayubu, matini haisemi kweli walikuwa wapi. Katika sura ya 19 Ayubu analalamika kwamba wamekaa mbali naye. Katika sura ya 42 wanakula mkate wake. Kati ya sura hizo mbili hakuna neno lao hata moja. Rafiki watatu waliambiwa wakiri kosa lao kwa sadaka. Ndugu hawakuambiwa kitu, wakaleta pete. Ayubu aliwapokea, na hilo ni la Ayubu. Lakini hakuna mahali ambapo msimulizi anasema kwamba pete ilikuwa jibu.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba katika mtihani ujao wasiwaulize wanafunzi waeleze subira ya Ayubu. Wawaulize ndugu zake walikuwa wapi. Na sisi tuliozaliwa kando ya reli hii tuketi pamoja nao kulijibu.